Mvua ya Beatrisi

Mwishoni mwa miaka ya tisini niliondoka Durban kufuata udongo. Jirani yangu wa mtaa wa Sydenham, Beatrisi, Mkongomani aliyesomea viumbe wadogo wa ardhini, alihitaji udongo usioguswa na maji kwa miaka mingi. Asingeupata, masomo yake yangekwama. Chuo kilimruhusu msaidizi mmoja wa kubeba masanduku, akanichagua mimi.

"Kaka Rashidi, kule iko baridi," alinionya. "Chukua koti, usilete mambo ya joto ya kwenu Tanga."

Kutoka Santiago, mji mkuu wa Chile, basi lilitupeleka kaskazini hadi jangwa la Atakama. Hapo tulipokewa na mwenyeji wetu, Dokta Elena, mama wa makamo mwenye kofia pana. Bila kibali chake hakuna aliyechota hata kijiko cha udongo.

Gari lilipopanda milimani, kichwa kilinigonga kama ngoma. Dokta akanipa chai ya majani ya koka, dawa ya wenyeji ya kichwa cha milimani.

"Kunywa, usiongee. Huku maneno yanakula hewa."

Kwenye ziwa la chumvi tuliwaona ndege aina ya heroe wamesimama, wekundu wa waridi kama sari zilizoanikwa Chatsworth, mtaa wa Wahindi kule Durban. Vikunya, jamaa wembamba wa ngamia, walitutazama kidogo, wakaendelea kula nyasi kavu. Mbele zaidi hapakuwa na hata nzi.

Kambini, mbele ya mahema, Dokta alikuwa amefukia vifaa vya kupimia unyevu wa ardhi. Miaka yote havikuwa vimeonyesha kitu.

Asubuhi iliyofuata nilizinduliwa na kelele.

"Mvua! Vifaa vimeonyesha maji! Imenyesha mvua!"

Dokta alikuwa akirukaruka kando ya hema la Beatrisi, mkono mmoja ukitafuta redio awaite wenzake wa mjini. Beatrisi alisimama mlangoni, brashi mkononi, uso umemshuka.

"Dokta, ngoja. Si mvua. Ni mimi."

"Wewe?"

"Nilikuwa nafagia. Kwetu Uvira hatufagii bila kunyunyiza maji kwanza. Vumbi itaingia kwa chakula."

"Umefagia jangwa?"

"Mbele ya hema tu."

Nilifumba macho. Kibali kimekwenda, nikajisemea.

Dokta alirudisha redio mezani. Alimtazama Beatrisi, akatazama brashi, kisha akacheka hadi akakaa chini kutafuta pumzi.

"Ungenyamaza, leo ningetangaza mvua kwa dunia nzima," alisema. "Udongo utachukua, upande wa pili wa mlima. Lakini dumu la maji litalala hemani kwangu."

Jioni masanduku yetu yalikuwa yamejaa na kufungwa.

Tuliporudi Durban, Beatrisi aliudondoshea udongo ule maji kidogo, akasubiri. Siku moja akaniita maabarani mbio.

"Kaka, njoo uone! Iko na uhai!"

Niliinama kwenye darubini. Vijidudu vilikuwa vikijisukuma huku na huko, kana kwamba vimechelewa kazini. Safari ile ilinifunza kwamba uhai unaweza kungoja maji kwa miaka. Ukweli, kwa upande wake, haukuweza kungoja zaidi ya mkono wa Dokta kufika kwenye redio, na Beatrisi aliuwahi kuusema.