Kikombe Ambacho Hakikutikiswa

Humeidi alijua kila kitu ambacho mgeni wa Ras Hamra anapaswa kujua, na alikisema chote bila kuombwa mara mbili. Usiingie baharini bila viatu, kuna samaki anayejifanya jiwe. Patana bei ya ngamia ungali umesimama chini, maana ukishapanda, bei nayo hupanda. Usilale katika bonde la mchanga hata mbingu zikiwa safi. Mvua hunyesha milimani na mafuriko yakakufuata kitandani. Asubuhi kung'uta viatu kabla ya kuvaa, nge naye anapenda pa joto. Basi la mjini hupita adhuhuri, ni hilo hilo moja kwa siku, na dereva wake Auda hamngoji mtu, hata mama yake mzazi.

Jambo moja tu hakulisema, nalo ni la kikombe.

Mabedui wa Sinai humimina kahawa kidogo kidogo, na mgeni akitosheka hukitikisa kikombe anapokirudisha. Asipokitikisa, anamiminiwa tena. Na mwenyeji kumwambia mgeni "kitikise" ni sawa na kumwambia "ondoka". Atakayetamka hivyo nyumbani kwake afadhali ahamie baharini akaishi na yule samaki. Waswahili mgeni wa siku ya tatu humpa jembe. Sinai hakuna cha kulima, basi wanamimina.

Ndiyo maana wageni waliachwa na basi. Walidhani kukataa ni utovu wa adabu, wakanywa. Humeidi naye kwa adabu hiyo hiyo akamimina, pande zote mbili zikiteseka kwa tabasamu. Mjerumani mmoja alitoka pale akakimbia ufukweni kwenda na kurudi mpaka alfajiri. Malalamiko yakafika mjini, na Ustadhi Hosni, ofisa aliyempa Humeidi kibanda cha habari za watalii na mshahara wake, akaja mwenyewe na suti yake.

"Humeidi, akiachwa na basi mgeni mmoja tu mwingine, nachukua ufunguo."

"Haya, ustadhi. Lakini umekuja na jua lote hili, kaa upate kahawa."

Hosni alikuwa mtu wa Kairo, hakujua habari ya kutikisa. Alikunywa, akanywa, mwishowe akakimbilia msalani na kutoka huko akaruka moja kwa moja ndani ya gari lake. Mpaka leo hajaelewa kwa nini wageni wanachelewa.

Juma lililofuata akaja Bi Birte, mama wa makamo kutoka Denmaki, mwenye kofia pana na Kiarabu cha vitabuni. Alikuwa anaondoka adhuhuri ile. Humeidi akamweleza habari za samaki, ngamia, mafuriko na nge, akamimina. Birte akanywa, akakirudisha kikombe kimetulia tuli. Humeidi akamimina tena. Kivuli cha kibanda kikazidi kufupika.

Mke wa Humeidi, Mama Faraji, alikuwa nyuma ya mkeka akiongeza iliki.

"Baba Faraji," akanong'ona, "mwambie."

"Nimwambie nini, mwanamke? Unataka watu watutemee mate?"

"Basi mwambie mna nge ndani ya kikombe, akikung'ute!"

Humeidi akapata wazo bora. Akajimiminia, akanywa, akakitikisa kikombe chake mbele ya macho ya mgeni. Birte hakuonyesha dalili ya kuelewa. Akakitikisa kwa nguvu zaidi. Birte akauweka mkono wake juu ya ule wa Humeidi ili utulie.

"Pole sana," alisema. "Marehemu mume wangu naye alitetemeka hivi hivi. Uende hospitali mapema."

Honi ikalia nje. Auda akaingia kwa hasira, kilemba upande.

"Yuko wapi abiria wangu? Binamu, leo tena?"

"Karibu, Auda."

"Sikaribii!" alisema Auda, huku amekwisha kukaa, maana desturi ni desturi. Akapewa kikombe, akakimeza, akakitikisa, akasimama. Akamgeukia Birte: "Hajjati, twende. Basi linachemka."

Wakati huo mkono wa Birte ukaanza kutetemeka. Kahawa ile yote ilikuwa imemfika kwenye vidole, na kikombe kikatikisika kwelikweli, tena sana. Mama Faraji akapiga kigelegele nyuma ya mkeka. Humeidi akakidaka kikombe kama mtu aliyedaka roho yake. Kibanda kimepona!

"Hapana," alisema Birte. "Huo ni mkono tu. Kutikisa ninajua. Auda alinifundisha siku ile nakuja."

Humeidi akamgeukia binamu yake. Auda akaitazama milima.

"Nyumbani," alisema Birte, akitafuta maneno, "tangu mume wangu afe, hakuna anayenimiminia. Najimiminia mwenyewe. Nikaona nisitikise kwanza."

Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Humeidi, kwenye kamba. Angeweza kushikilia kwamba kikombe kimetikiswa. Mashahidi alikuwa nao wawili, mmoja amepiga hadi kigelegele. Moyo ulimuuma kwa ajili ya kibanda kile, na mshahara ule hakuwa na mwingine. Akakirudisha kikombe mkononi mwa mgeni, akamimina.

"Humeidi! Ufunguo!" alipiga kelele Auda.

"Nenda, binamu. Watu wako wanaungua."

Basi likaondoka. Birte alikunywa mpaka kivuli cha mlima kikagusa maji, kisha akakitikisa kikombe mara tatu, sawasawa, kama binti wa kabila lile. Akalala chumba kimoja na Mama Faraji, wakacheka usiku kucha kwa lugha ambayo hakuna ajuaye ni ipi.

Kesho yake Birte akapanda basi, na lilipoondoka tu, gari la Ustadhi Hosni likafika, habari zikiwa zimekwisha kumfikia. Safari hii alikataa kukaa. Alisimama mlangoni, akanyoosha mkono, akapokea ufunguo na kamba yake.

"Nilikuonya," alisema.

"Ulinionya, ustadhi. Viatu uvikung'ute asubuhi."

Hosni alipokwisha kwenda, Humeidi alikaa peke yake kwenye mkeka, macho kwenye bahari. Mama Faraji hakumsema. Alileta dele la kahawa, akamimina. Mumewe akanywa, akakirudisha kikombe bila kukitikisa. Akamimina tena.