Mapumziko ya Ciakuthii

Ciakuthii alipofikisha miaka sitini na mbili, mwaka wa 1996, ukoo ulikutana uani kwake kuamua kwamba hana tena nguvu za kuchuma kahawa. Ni wajane wachache katika vilima vya Embu wanaopewa heshima ya kuhudhuria matanga yao wenyewe, tena wao ndio wapishi.

Habari za ukimwi uliomuua mumewe, na ambao sasa ulikuwa katika damu yake, zilitoka hospitalini zikafika nyumbani kabla yake. Kwa hiyo kila mzee alikuja na kikombe chake. Maji ya chai aliyateka Ciakuthii bondeni, kuni alizipasua yeye. Hayo hakuna aliyeyaogopa.

"Mikono imeisha nguvu," akasema shemeji yake, Nyaga, akisogeza kikombe kiongezwe. "Hii kahawa niitunze mimi, shemeji apumzike."

"Nipumzike nikifanya nini?"

"Ukipumzika tu."

Mzee Riungu, mwenyekiti wa ukoo, akakata shauri. Jumanne Ciakuthii na Nyaga wachume, kila mmoja upande wake wa shamba. Atakayepimiwa kahawa nyingi kiwandani ndiye atakayebaki na shamba.

Kweli Ciakuthii hakuwa yule wa zamani. Nyayo zake ziliwaka moto. Gunia alilokuwa akibeba mgongoni kwa mkanda wa kichwani lilikuwa limegeuka debe moja, kisha apumzike chini ya mti wa mgrevilea, kisha arudie la pili. Alianza alfajiri. Matawi ya chini aliyachuma akiwa ameketi, akichagua kahawa nyekundu iliyoiva peke yake.

Nyaga, mwanamume wa afya ya kuigwa, alifika saa tatu. Akayapurura matawi yote, nyekundu, mbichi na majani, na kufikia saa saba gunia lake lilikuwa limefura kama yeye.

Kiwandani karani akachungulia ndani. "Mzee, mwaga chini uchambue. Mbichi hatupimi. Na nafunga saa kumi."

Nyaga akalimwaga gunia, akainama kuchambua. Haikupita robo saa akashika kiuno.

"Shemeji," akanong'ona, "njoo unisaidie kidogo. Mgongo."

Madebe ya Ciakuthii yalikuwa yameshapimwa. Akamtazama mzee Riungu, aliyekuja kushuhudia vipimo na ambaye ghafla alikuwa na shughuli nyingi na kamba za viatu vyake. Akaketi kando ya lile rundo la Nyaga, akanyoosha nyayo juani, asiguse hata punje, mpaka karani akafunga mizani.

"Ningekusaidia, shemeji," akasema. "Lakini si mlisema nipumzike?"