Korongo wa Kwenye Mpunga

Kazi yangu ni kushona nguo pale Kondele, ila Jumamosi moja kila mwezi nafunga cherehani, nachukua daftari na darubini ya kikundi chetu, naenda kuhesabu ndege wa majini. Hatulipwi. Tunajitolea tu.

Mwaka jana nilitumwa kwenye mashamba ya mpunga upande wa Port Victoria. Nilifika Ijumaa mchana, nikapokewa na mama mmoja mjane, mwanakikundi mwenzetu, ambaye angeniongoza kesho yake. Wajukuu wake wawili walininawisha mikono, tukala ugali kwa nyama ya mchuzi. Ilikuwa ngumu kidogo. Nikadhani ni kuku wa kienyeji aliyezeeka, na nikaomba kuongezewa.

Asubuhi tulishuka shambani. Nilitarajia kuwaona korongo weusi, wale ambao mdomo wao haufungiki katikati, wanaokula konokono wa mpunga. Niliwaona kweli. Walikuwa wamelala majini, mabawa yametanda. Hesabu ilifika kumi na saba, kalamu ikienda kwa mazoea, kabla akili haijakubali kwamba nahesabu mizoga. Mmoja alikuwa bado anapumua. Kila akiinua shingo, inaanguka.

Mwanamume aliyekuwa akiwaokota na kuwatia guniani alitusalimu kwa adabu. Nilipomuuliza, hakuficha kitu. Huwapa konokono wenye dawa ya kuua wadudu, kisha nyama anaiuza sokoni. Pembeni alikuwa amemfunga korongo mzima mguu kwa kamba, ili wenzake wakimwona washuke.

Nilimgeukia mama. Alikuwa akitazama chini.

"Mama, ile nyama ya jana ilikuwa ya nini?"

"Ya ndege," akasema. "Lakini tunachemsha mara mbili. Maji ya kwanza tunamwaga."

Nilikaa kwenye tuta, matope na yote. Mwenzangu huyu alikuwa akijaza daftari kama langu, mwezi baada ya mwezi. Nikamuuliza kama watoto walikuwa wamekula kiporo. Alianza kukimbia kuelekea nyumbani.

Nilitoa mkasi wangu wa kushonea mfukoni, nikaikata ile kamba.

"Madam, huyo ni wangu," yule mwanamume akasema, bila hasira.

Korongo alitembea hatua kadhaa kama mlevi, akaruka. Nami nikamfuata mama mbio.

Tulikuta watoto wamekwisha kula, tukawapeleka zahanati. Muuguzi aliwapima, akawaweka hadi jioni, akasema wako salama. Mimi pia alinipima. Mama alikaa kwenye benchi siku nzima bila kula. Mwishowe akaniambia kwamba sokoni kila mtu hununua, na yeye hakuwahi kuwaza kwamba ndege wa kwenye sufuria ndio hao hao wa kwenye daftari.

Siku hizi ni yeye anayezunguka sokoni akiwaambia akina mama wenzake wasinunue nyama hiyo. Wengine wanamsikiliza, wengine wanamcheka. Mimi bado nikiwekewa nyama kwa watu nasita, nauliza kwanza, na najua wenyeji wangu huona ni utovu wa adabu.