Kuku wa Bibi na Uso wa Mkubwa

Jumatano iliyopita niliwekewa soda mezani na watu wasionipenda. Ilikuwa soda ya chungwa, baridi, chupa inatoka jasho, katika ofisi moja kubwa yenye kiyoyozi cha kumfanya mtu ajutie kuacha sweta nyumbani. Sikuigusa. Nilikaa nayo saa mbili nzima mpaka ikapata joto, na yule bwana aliyekuwa ananihoji akaniuliza kama nimefunga. Nikamjibu sijafunga, soda siipendi tu. Nilidanganya, ndugu yangu. Soda ya chungwa naipenda tangu utotoni, na hapo ndipo kisa changu kinapoanzia.

Hao watu wa serikali waliniita kwa sababu ya sauti tuliyoirusha kwenye kipindi changu, katika redio yetu ndogo ya Singida. Ni sauti ya kiongozi wetu mkuu akiwa kwenye kikao cha ndani, akieleza atakavyowanyoosha waandishi wa habari wanaomsumbua. Nchi imegawanyika juu ya sauti ile. Wako wanaosema mzee kasema kweli, waandishi wamezidi. Wako wanaosema huyu sasa kajivua nguo mwenyewe. Kuna nyumba ninayoijua mume na mke hawaombani tena hata chumvi mezani. Wale walioniita hawakuuliza kama sauti ni ya kweli. Swali lao lilikuwa moja, likarudiwa mpaka nikachoka kulisikia: nani alikupa? Nina mpaka Jumatatu. Nikitaja jina, redio itaendelea na kazi yangu itabaki. Nisipotaja, redio itafungwa na mimi nitajua kilichomtoa kanga manyoya.

Basi kesho yake nikapanda gari la kurudi Singida. Tulipoipita Mkiwa, mbele kidogo kwenye kijiji chetu, nikamwambia konda anishushe. Konda akashangaa, maana tiketi yangu ilikuwa ya mjini. Nikashuka hivyo hivyo na begi langu. Upepo ukanipokea na mchanga wa macho, upepo wa kwetu haujawahi kuwa na adabu, nikaelekea moja kwa moja mahali lilipokuwa jiko la bibi yangu.

Bibi aliuza kuku barabarani. Kuku wa kienyeji, hawa wetu wenye miguu mirefu na nyama ya kubishana na meno. Asubuhi kabla ya shule nilichota maji, tukayachemsha, tukanyonyoa kuku pamoja, na ile harufu ya manyoya yaliyolowa ilinifuata mpaka darasani. Mchana nikirudi, karai lilikuwa limeshachemka: mafuta ya alizeti ya shamba letu wenyewe, vitunguu, chumvi, ndimu, imetosha. Gari likisimama, abiria waliinusa kazi ya bibi wakiwa bado wameketi, wakaanza kugombania madirisha.

Kazi yangu mimi ilikuwa magazeti. Mifuko ya plastiki bibi hakuitaka, alisema inamtoa kuku jasho. Kila kipande kilifungashwa kwenye gazeti, na mimi ndiye niliyekuwa nayakata, nayapanga, nayawekea jiwe juu ili upepo usiyabebe. Bibi hakujua kusoma hata herufi moja. Lakini alipokuwa anageuza nyama alininyooshea kijiko cha kukaangia na kuniuliza, "Leo wanasemaje hawa?" Nami nikamsomea. Nikiruka neno gumu alinishtukia palepale: "Rudia hapo, kuna kitu umekimeza." Mpaka leo sijui alikuwa anajuaje. Wenzangu walijifunza kusoma kwa vitabu vya shule, mimi nilijifunza kwa karatasi za kufungashia kuku, tena huku macho yanawasha kwa moshi.

Magazeti yalitoka kwa mwalimu wangu wa darasa la tano. Alikuwa kijana mmoja mwembamba, mwenyeji wa kule Kinampanda, asiyeweza kuishi bila gazeti kama wengine wasivyoweza kuishi bila ugoro. Aliyanunua kwa makonda, ya jana au ya juzi. Alituambia habari ambayo hujaisikia ni mpya hata kama ina ndevu. Akishayasoma anamletea bibi, na bibi anamwekea firigisi. Unajua firigisi kwetu ni ya nani. Ni ya baba mwenye nyumba, na babu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo watu walisema sana. Bibi akawajibu kwamba firigisi yake inaliwa na anayemletea akili nyumbani.

Sasa, enzi hizo nchi ilikuwa na mkubwa mwingine. Jina lake acha lipumzike. Ulikuwa ama unampenda mpaka unalia, ama unamchukia mpaka unatetemeka, na katikati hapakuwa na kigoda cha kukalia. Sura yake ilijaa kila ukurasa. Mteja mmoja anapokea kuku wake, anaona sura, anasema, "Bibi, huyu usinifungashie, nitashindwa kula." Mwingine anaona sura ileile, anafoka, "Bibi, unampaka mafuta mkuu wa nchi?" Bibi akachoka. Akaniwekea sheria: karatasi zenye sura ya mkubwa weka kando, kuku afungashwe kwa kurasa za mpira na matangazo ya misiba. Lo! Kurasa za mpira ziliisha ndani ya siku mbili.

Halafu gazeti moja likapigwa marufuku. Lilikuwa limeandika jambo la mkubwa ambalo mkubwa hakulipenda, na redio ikatangaza kwamba kuwa nalo ni kosa. Mwalimu alikuwa na magazeti hayo gunia zima. Kuyachoma roho yake ilikataa, kukaa nayo ni hatari. Akamletea bibi, akamwambia, "Mama, haya yasikae." Bibi akacheka mpaka akashika kiuno. Kwa wiki kadhaa gazeti lililokatazwa lilisafiri na mapaja ya kuku, likaenda Dodoma, likaenda Mwanza, likaenda mpaka mpakani huko. Mafuta yakipenya kwenye karatasi unaweza kusoma pande zote mbili kwa mpigo. Mimi nilikuwa nasoma kila kipande kabla hakijaondoka, na hapo ndipo nilipoharibu.

Siku moja mtendaji wa kijiji alikuja kununua kuku mzima. Alikuwa na wageni wakubwa wa wilayani. Mimi nilikuwa nimezama kwenye hadithi iliyokuwa nyuma ya ukurasa, nataka nijue kama yule sungura ataokoka, na bibi ananipigia kelele, "Wee mtoto, fungasha!" Nikachukua hiyohiyo niliyoishika, nikafungasha bila kugeuza. Mbele ya ukurasa kulikuwa na mkubwa wa nchi, picha kubwa, mdomo wazi, anahutubia. Walipofungua kule ofisini mbele ya wageni, paja la kuku lilikuwa limelala ndani ya mdomo wake, na chini yake kichwa cha habari cha gazeti lililokatazwa. Wanasema mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea. Siku ile miguu ilimwelekea mtendaji, na yeye akaamua kutuelekezea sisi.

Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Mtendaji akamtaka bibi afanye mambo mawili: aombe radhi mbele ya watu, na ataje aliyempa magazeti. Asipofanya hivyo, jiko lake linaondoka barabarani. Sote tulijua maana yake. Akimtaja mwalimu, mwalimu amekwisha. Asipomtaja, sisi tutakula nini? Mwalimu mwenyewe alikuwa amekaa nyuma, kainamisha kichwa, na nilimwona anataka kusimama aseme. Bibi akamwahi. Akainuka, akakaza khanga kiunoni, akaamkia wakubwa, akasalimia wadogo, hakuacha hata mmoja.

"Mwanangu mtendaji," alisema, "kuku ni wangu. Jiko ni langu. Na mkono uliofungasha ni wangu. Mwingine hayumo."

Mkono ulikuwa wangu mimi. Nilikuwa nimekaa miguuni pake, mkono wenyewe nimeukalia.

Mtendaji akasema, "Bibi, wewe kusoma hujui. Utajuaje gazeti lipi?"

"Nilikuwa namfungasha kuku, mwanangu, sikuwa nampeleka shule." Watu wakaangua kicheko, hata mgambo. Bibi hakucheka. "Na kama uso wa mkubwa hautakiwi kuguswa na mafuta, mwambieni asikae kila ukurasa. Radhi siombi. Sijamkosea mtu." Akamalizia kwa Kinyaturu, maneno ambayo nikiyaweka kwa Kiswahili yatapoteza nusu ya pilipili yake, kwa hiyo nayaacha.

Karai likachukuliwa na mgambo jioni ileile. Tulikaa siku tatu bila kazi, tunakula ugali wa mtama na mlenda, bibi anaimba kama hakuna kilichotokea. Siku ya nne, wakati wa mapumziko, nikaitwa ofisini kwa mtendaji.

Alinipokea vizuri sana. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anatabasamu, akanikalisha kwenye kiti cha mgeni. Akafungua soda ya chungwa. Kwa mwaka mimi soda niliionja Krismasi, tena tukigawana kwa kikombe, na hii ilikuwa nzima, yangu peke yangu. Nikanywa. Akasema watoto wake madaftari yao hayana jalada, na ameona tuna magazeti mazuri, je, na yeye anaweza kuyapata wapi? Nilikuwa nimefika nusu chupa. Nikasema, "Mwalimu ndiye anatuletea, hata wewe ukimwomba atakupa, hana roho mbaya."

Akaniruhusu nimalize soda yangu.

Mwalimu alihamishwa kabla wiki haijaisha, akapelekwa shule ya mbali ambako gari lilifika kwa kubahatisha na gazeti halikufika kabisa. Alikuja kuaga na sanduku lake la bati. Bibi alimchinjia jogoo, akampa firigisi kwa mikono miwili. Mimi nilijificha nyuma ya kihenge, nikamsikia ananiulizia mara mbili, na sikutoka. Sijamwona tena mpaka leo. Hilo linaniuma, na sitakudanganya kwamba limepungua.

Alipoondoka, bibi alinifuata kule nyuma ya kihenge. Nilijua nitachapwa, na nilitaka nichapwe. Badala yake akakaa chini kwenye vumbi, mwanamke wa umri wake, akaniambia, "Waliona mimi sivunjiki, wakaenda kwa mtoto. Aibu ni yao." Nikalia vibaya sana. Akaniacha nilie, halafu akaongeza, "Lakini siku nyingine mtu asiyekupenda akikuletea soda, jiulize kwanza yeye ana kiu ya nini."

Kesho yake tukarudi barabarani. Bibi aliazima chungu kwa jirani, akawasha moto palepale pa zamani. Mtendaji akapita, akatazama, bibi akamkaribisha kuku. Na hapo, ndugu yangu, likatokea jambo ambalo nikilikumbuka hata leo nasimama wima. Habari zilikuwa zimeshapita njia nzima ya lami, kwa makonda zinapopita habari zote. Gari la kwanza lilipopunguza mwendo, konda akatoa mkono dirishani akarusha gazeti. La pili likarusha mawili. Mpaka jua linaelekea kuzama tulikuwa tunakimbizana na magazeti vichakani, ya wanaompenda mkubwa na ya wanaomchukia, yote mchanganyiko. Bibi akamwita mtendaji kwa sauti ya sokoni: "Mwanangu, njoo sasa uniulize nani ananipa! Chukua na kalamu kabisa, utaandika mpaka Mwanza!"

Mtendaji hakuja. Karai lilirudishwa baadaye kimyakimya, tulilikuta mlangoni, limeoshwa.

Alhamisi hii niliposimama pale hapakuwa na jiko. Bibi tulimzika miaka mingi imepita, na mkubwa yule naye ameshapita na sura yake. Kuna kibanda cha vioo, binti mchangamfu anauza kuku kwenye visahani vya plastiki vyenye mfuniko. Nikanunua. Nikamwuliza kama ana karatasi ya kufungia. Akacheka. "Gazeti? Dada, siku hizi nani ana gazeti?" Akarudi kwenye simu yake, na kwenye simu hiyo, nisikufiche, ilikuwa inasikika sauti ileile iliyoniitisha mimi ofisini. Anaisikiliza huku anakata limao, hajui aliyesimama mbele yake. Mteja aliyekuwa nyuma yangu akamwambia aizime, atamletea matatizo. Binti akaongeza sauti.

Nikakaa kwenye jiwe alilokuwa akikalia bibi, nikamla yule kuku. Hana mafuta ya alizeti, wala hana moshi, nyama laini mpaka inakera. Hakuna tena mtoto anayejifunza kusoma kwa karatasi yenye mafuta, hakuna konda anayerusha kitu dirishani, na yule mtu mwembamba wa Kinampanda sijui kama bado anapumua. Kama anapumua, namwambia hivi: Mwalimu, nilikutaja. Nilikuwa mdogo na nilikuwa na kiu, lakini nilikutaja, na sikutoka kukuaga.

Jumatatu narudi kule kwenye kiyoyozi. Aliyenipa sauti ile ana watoto wawili na mkopo wa nyumba. Wataniuliza nani, nami nimeshapanga jibu, sihitaji wakili wa kuniandikia. Redio ni yangu, kipindi ni changu, na mkono uliobonyeza kitufe, safari hii kweli, ni wangu. Mwingine hayumo. Soda wanywe wenyewe.