Nilimshtaki mke wangu kwa ushahidi wa tairi

Admin, naomba ufiche jina langu, maana watu wengi hapa Jinja wananifahamu. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na saba. Nilikuwa mwanajeshi, sasa nasimamia walinzi katika kiwanda kimoja. Naishi Kimaka na mke wangu, watoto wetu watatu na mama yangu mzazi. Mke wangu ni mtu wa Mbale, kwao ni Nabuyonga. Nitamwita Mama Zahara. Tumeoana miaka kumi na sita, na nimemtendea jambo ambalo kila nikitaka kulisema mdomo unakataa.

Mwaka juzi tulinunua gari dogo la haibridi lililotumika Japani. Mimi huenda kazini kwa pikipiki, kwa hiyo gari likawa lake: kupeleka watoto shule, kwenda Nalufenya, hapahapa Jinja, kwenye duka lake la vitenge, kurudi nyumbani. Hakuna safari hapo. Lakini baada ya miezi mitatu matairi ya mbele yalikuwa yameisha upande wa ndani, hadi nyuzi zinaonekana. Nikaweka mapya. Miezi mitatu tena, yameisha. Muuza matairi akacheka, akaniambia, "Afande, hii gari inatembea sana. Madam anaenda wapi?"

Labda alikuwa anatania tu, lakini maneno yale yalinikaa. Gari la haibridi halinywi mafuta mengi, nikajiambia, basi huyu anasafiri na mafuta hayamchongei. Nikakumbuka kwamba kabla yangu alikuwa amechumbiwa na mwalimu mmoja wa hukohuko Mbale. Nikaanza kupiga simu dukani kila mchana. Nikawa nanusa nguo zake, naona aibu kuandika hivi. Siku nilipomuuliza alidhani ni mzaha. Alipoona sicheki akasema, "Baba Zahara, si uangalie mita? Itakuambia kila kilomita." Nikamjibu kwamba mita hurudishwa nyuma na mafundi, hata mtoto anajua. Sikuiangalia.

Jumapili moja niliwaita wazazi wake kutoka Mbale, na kaka yangu mkubwa. Mama yangu naye alikuwepo. Nikaingia sebuleni nikisukuma tairi lililoisha, nikalilaza kwenye zulia mbele ya baba mkwe, nikasema, "Mzee, binti yako ajieleze. Hizi safari ni za kwa nani?" Kisha nikamtaja yule mwalimu kwa jina. Zahara, binti yetu wa miaka kumi na minne, alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Mama Zahara hakulia. Alisema mara moja tu, "Sijaenda popote." Baba yake akainama, akapitisha kidole kwenye zile nyuzi, akamwambia, "Mwanangu, chukua nguo zako twende."

Akaondoka nao, watoto wakabaki. Gari nalo likabaki, nikaliwekea matairi mapya na nikawa naliendesha mimi. Nyumbani, shuleni, kiwandani. Sikuvuka hata daraja la Nile. Baada ya miezi mitatu nikainama kuangalia matairi: upande wa ndani, nyuzi. Nilikaa chini palepale kwenye changarawe na sare yangu ya kazi.

Nikalipeleka kwa mzee mmoja Singasinga, Mhindi wa kilemba, mwenye gereji mjini. Aliliinua, akatikisa gurudumu, akaniita nichungulie chini. Bushi, yaani mipira ya kwenye maungio ya mikono inayoshika magurudumu ya mbele, zilikuwa zimekatika, na mikono yenyewe imepinda. Alisema gari liligongwa huko lilikotoka, likapakwa rangi likauzwa. "Magurudumu yamesimama vibaya, afande. Kila yakizunguka yanajikwangua. Hata ukienda dukani tu, tairi litaisha. Nani alikuambia ni safari?"

Nikamwambia atengeneze. Akabadilisha vyote, akanyoosha magurudumu, na siku iliyofuata nikaenda Mbale na kaka yangu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba msamaha. Kaka akaniambia, "Ukikiri mbele ya wakwe hutaheshimiwa tena mpaka kufa." Tulipofika tulikaribishwa vizuri, chakula kikaletwa, wakakaa wote kunisikiliza. Nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu ikisema, "Nimekuja kumchukua mke wangu. Nimemsamehe."

 "Umenisamehe nini?" Mama Zahara akauliza.  Alirudi kwa ajili ya watoto, na aliniambia hivyo waziwazi.

Sasa ni miezi saba. Matairi hayaliki tena, na hilo ndilo linalonimaliza, kwa sababu mama yangu humwambia mke wangu mbele ya majirani, "Unaona? Tangu uache mambo yako, hata matairi yametulia." Yeye huendelea kuchambua mchele. Gari haligusi tena, huenda Nalufenya kwa boda, mvua ikinyesha anarudi amelowa.

Wiki iliyopita alimkataza Zahara kwenda kulala kwa rafiki yake. Zahara akamjibu, "Kwani wewe ulikuwa unaenda wapi?" Mke wangu hakumpiga wala hakumfokea. Alinigeukia mimi, akasubiri. Mimi nikachukua simu, nikajifanya napigiwa, nikatoka nje.

Ndugu zangu, wanaojua ukweli ni watatu: mimi, kaka yangu na yule mzee wa gereji, ambaye hajui hata alichokijua. Nikisema, naogopa ataondoka na safari hii asirudi, na sitakuwa na neno la kumzuia. Nisiposema, binti yangu atakua akimdharau mama yake kwa uongo wangu mimi. Je, nianze naye peke yake chumbani, au niwakusanye walewale wote na niutamke ukweli mbele yao? Nitukaneni mnavyotaka, nimestahili. Lakini nionyesheni pa kuanzia, kwa sababu anapoingia jikoni asubuhi na kuniambia chai iko tayari, siwezi kumtazama usoni.