Glenda na Supachaja ya Bi Opal

Glenda Tackett aliuza mafuta ya boti kwenye gati la Ghuba ya Mierezi, upande wa kusini wa ziwa la Ozarks, na kwa kazi hiyo alijulikana na kila mwenye boti. Lakini ukimuuliza yeye mwenyewe ni nani, hakuanza na mafuta. Angekuambia kwamba ndiye anayeshika wenzo kwenye boti ya mumewe, Royce, tangu walipooana.

Kule kwao boti ya kasi huendeshwa na watu wawili. Mmoja anashika usukani, wa pili anashika wenzo wa mafuta. Wa usukani ndiye anayepigiwa makofi, ila wa wenzo ndiye mwenye kazi. Boti ikirushwa na wimbi, propela inatoka majini, na injini, kwa kukosa cha kusukuma, inapandwa na wazimu. Hapo mwenye wenzo anapaswa kupunguza mafuta kabla hata hajajua kwamba amepunguza, kisha aongeze boti inapogusa maji. Akichelewa kidogo tu, chuma kinakatika huko nyuma. Glenda hakuwahi kukata chuma. Alikuwa akiisikiliza injini, basi, na mkono ukajua la kufanya.

Boti yenyewe ilikuwa ya starehe tu, ya kupeleka wajukuu kuogelea na kuvulia kambare. Royce aliiita Bi Opal kwa jina la marehemu mama yake, mwanamke ambaye sauti yake ilifika ng'ambo bila simu. Mwisho wa kila kiangazi majirani walishindana kutoka gatini mpaka darajani, bila zawadi yoyote ila maneno. Na maneno yenyewe ndiyo sumu, kwa sababu mshindi huyasema mwaka mzima. Miaka mitatu mfululizo mshindi alikuwa Lonnie Pruett, na Lonnie hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Royce, nikuvute na kamba?" alikuwa akiuliza kila akija kujaza mafuta. "Nitakwenda polepole, Bi Opal asishtuke."

Ndiyo maana majira ya baridi yale Royce akaleta nyumbani supachaja, pampu ya chuma yenye ukubwa wa kreti ya bia, ambayo huzungushwa na mkanda wa injini na kuishindilia hewa ndani kwa nguvu. Hewa nyingi, mafuta mengi, moto mkubwa. Waliifunga pamoja gerejini, jiko la mafuta ya taa likiwaka miguuni. Walibadilisha pistoni, wakaweka pampu kubwa ya petroli. Bega la Royce lilikuwa bovu, kwa hiyo bolti zote za juu alizikaza Glenda, moja huku, moja kule, kwa mpangilio, ili chuma kisipinde. Kifuniko cha injini kilipogoma kufunga, Royce akakikata tundu katikati, na supachaja ikachomoza nje.

"Sasa Bi Opal ana kichwa," alisema Glenda.

"Mdomo alikuwa nao tangu zamani," Royce akajibu, na wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Barafu ilipoyeyuka wakaishusha boti majini. Glenda alisukuma wenzo, na boti ikaondoka kwa namna ambayo shingo yake haikuizoea. Juu ya hayo, supachaja ilipiga mluzi. Mluzi mkali, wa kuendelea, uliojaa masikioni na kuifunika sauti ya injini yote. Wimbi la boti ya watalii likawarusha. Glenda alisubiri kusikia, akasikia mluzi tu. Alipovuta wenzo alikuwa amechelewa. Kitu kikapiga mshindo nyuma, boti ikalala upande, na yeye akajikuta sakafuni, bega kwenye mbao. Mguu wa boti, ule unaobeba propela, ulikuwa umekatika.

Royce hakumfokea. Afadhali angefoka. Alinunua mguu mwingine, akaufunga peke yake, na asubuhi moja, Glenda akiwa anakoroga mchuzi wa soseji wa kumwagia biskuti, vile vimkate laini vya asubuhi vya kwao, akasema akiwa ameutazama ukuta:

"Nimeongea na Delbert. Atashika wenzo mwaka huu."

Delbert alikuwa mdogo wake Royce, fundi bomba, mtu mwema na mzito wa kila kitu.

"Delbert?" Glenda alizima jiko. "Delbert ambaye akichomwa na mbu leo anajikuna kesho?"

"Ana nguvu za mikono."

"Wenzo hauhitaji nguvu, Royce. Mimi nimekaa pale tangu tukiwa vijana. Bolti zile nimekaza kwa mikono hii."

"Injini si ile tena, mama. Wewe ulizoea ile."

"Basi iondoe."

Royce alivuta sahani. Akala biskuti zake kavu, akaenda kazini. Glenda alikaa mezani akalia, kilio cha hasira hasa. Alikuwa amesaidia kwa mikono yake kuifunga mashine iliyomtoa kitini, na hakuna aliyemlazimisha.

Kiangazi chote, kila jioni, Royce na Delbert walipita mbele ya gati wakifanya mazoezi. Mwanzoni Glenda aligeuka akajitia kupanga makopo ya oili. Lakini masikio hayana kifuniko. Wiki zikapita, akaanza kuutenga ule mluzi na kilichokuwa chini yake. Chini kabisa kulikuwa na mngurumo mzito, na mngurumo huo ulibadilika kidogo kabla boti haijaruka. Alianza kusema "vuta" peke yake, pale penye pampu za mafuta, na kila mara Delbert alivuta baadaye. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na kiti kimeshatolewa?

Siku ya mashindano Lonnie Pruett alikuja gatini mapema, akavua kofia. Hilo peke yake lilimtia Glenda wasiwasi. Kule kwao kumwomba mke wa mtu akushikie wenzo ni jambo zito kuliko kumwomba acheze nawe dansi.

"Mkwe wangu yuko hospitali, mawe ya figo," alisema Lonnie. "Sina mtu wa wenzo. Nisingekuuliza, Glenda, lakini nasikia umepumzishwa."

"Nimefukuzwa. Sema tu."

"Haya, umefukuzwa. Utakuja?"

Glenda alimwangalia yule mchokozi aliyewaletea balaa lote. "Nitakuja," akasema. "Na ukifungua mdomo wako njiani, nakutosa."

Royce alipomwona ameketi kwenye boti ya Lonnie, alisimama na kamba ya boti yake mkononi. Delbert alimpungia mkono, maskini, kwa furaha ya kweli. "Shemeji! Tutaonana darajani!"

Bendera ikashuka. Kwenye maji tulivu hakukuwa na mashindano. Bi Opal aliondoka na mluzi wake akawaacha kwa urefu wa boti tano au sita. Lonnie akatukana. Glenda hakumsikiliza. Boti ya Lonnie ilikuwa na injini ya kawaida, nzuri, tiifu, na mkono wake ulikuwa umerudi mahali pake. Karibu na daraja boti za watazamaji zilikuwa zimeyavuruga maji, mawimbi yakija kutoka kila upande. Hapo Delbert alilazimika kupunguza, Glenda hakulazimika. Alivuta, akasukuma, akavuta, akasukuma. Wakawafikia. Wakawa sawa, kiasi kwamba aliona mishipa ya shingo ya mumewe. Mbele kulikuwa na maji mazuri, na Lonnie alikuwa ameanza kucheka.

Ndipo Glenda akasikia ule mngurumo wa chini ukibadilika, wa Bi Opal.

Mkono wake ukavuta wenzo mpaka mwisho.

Boti ya Lonnie ikainamisha pua na kushuka mpaka mwendo wa kutembea. Pembeni Bi Opal aliruka, injini ikapiga ukelele, Delbert akavuta baadaye, na mshindo ule ule wa mwanzo wa mwaka ukasikika. Boti ya tatu, ya watu wa ng'ambo ya ziwa ambao hakuna aliyewahesabu, ikapita katikati yao ikashinda.

"Umefanya nini?" Lonnie alipiga kelele. "Tulikuwa tumeshinda! Kwa nini umevuta?"

Glenda aliutazama mkono wake. "Alikuwa anaruka," akasema.

"Nani? Sisi tulikuwa majini!"

"Si sisi."

Lonnie alinyamaza, na kwa Lonnie hilo si jambo dogo. Kisha akaigeuza boti akaenda kuwatupia kamba, kwa kuwa aliye karibu ndiye anayevuta. Royce alikuwa amesimama, uso mweupe, lakini mzima. Delbert alikuwa amekaa akiikodolea macho mikono yake.

"Nilichelewa," alisema Delbert.

"Najua," alisema Glenda. "Nilisikia."

"Ulisikia?" Royce akamgeukia. "Na mluzi wote ule, na injini ya Lonnie chini yako?"

"Alivuta yeye kabla yenu," Lonnie akadakia kwa uchungu. "Ila kavuta wenzo wangu. Mke wako kanifungisha kwa ajili ya boti yako, Royce. Sijui nikuonee huruma au nikupige."

Royce aliifunga kamba kwenye pua ya Bi Opal. "Nilitaka kumshinda huyu tu," akasema mwishowe. "Sikukufikiria wewe. Samahani, Glenda."

"Ulitakiwa kunifikiria."

"Ndiyo."

Delbert aliinuka bila kuambiwa, akavukia kwa Lonnie. Glenda akavukia kwenye Bi Opal. Lonnie akaanza kuwavuta kurudi gatini, polepole, watu wakipiga honi na kuwacheka kutoka kila upande. Royce alishika usukani, kama inavyotakiwa kwa boti inayovutwa. Alipotupa jicho pembeni akaona mkono wa mkewe uko kwenye wenzo.

"Imekufa hiyo, mama."

"Najua," alisema Glenda, na hakuuondoa.