Kijito Kinachopotea cha Combessèche

Shamba la Odile Delcamp liko juu ya kijiji chetu cha Combessèche, pale kijito kinapotiririka kama hatua mia mbili, kisha kutumbukia kwenye shimo la mwamba na kupotea. Wazee walisema kinaibukia kwenye chemchemi yetu, chini ya kanisa, lakini hakuna aliyewahi kukifuata. Odile alifuga hapo ng'ombe arobaini na wawili, peke yake tangu mumewe afariki.

Mwaka ule maji ya bomba, yanayotoka kwenye chemchemi hiyo, yalipimwa yakakutwa na vijidudu, na macho yote yakapanda kwenye zizi lake. Jirani yake, Anselme Roudil, alisema mbele ya watu kwamba tunakunywa mavi ya ng'ombe wa Odile. Tangu hapo Odile akawa ananunua mkate bila mtu kumwitikia salamu. Alikonda. Siku moja aliniambia anafikiria kuuza mifugo yote ahamie kwa dada yake mjini.

Ndipo halmashauri ikamleta mtaalamu wa miamba. Akamimina rangi ya kijani shimoni, Odile akimtazama, mikono kaificha ndani ya aproni. Tukaambiwa tusubiri tuone itaibukia wapi.

Siku ya kwanza chemchemi haikubadilika. Ya pili, vilevile. Asubuhi ya tatu nilikuwa jikoni kwa Odile tukimenya viazi, Anselme akaingia bila kubisha hodi, buti zimejaa tope.

"Mto wa kinu umegeuka kijani," alisema. Mto huo, wenye kinu cha kusagia nafaka, uko ng'ambo ya kilima, bonde jingine kabisa, na hakuna anayeunywa.

Odile hakuinua kichwa. "Na chemchemi?"

"Haina hata tone la rangi. Hukuwa wewe, jirani. Nisamehe, mdomo wangu ulitangulia."

"Ulitangulia mbali sana," Odile akajibu. "Haya, kaa, supu inakaribia."

Kisha akaniachia kisu, akatoka, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilimwona dirishani mabega yakimshuka, akilia taratibu, uso umekunjuka.

Baadaye iligundulika kwamba tangi la choo cha ukumbi wa kijiji, tunachokitumia sote, lilikuwa limepasuka na kuvujia chemchemini. Likazibwa kabla ya mavuno. Odile naye akalisakafia shimo lake la samadi kwa zege, maana samaki wa mto wa kinu nao wana haki yao. Anselme ndiye aliyemkorogea zege.